Saa 52 za Jumapili na wiki nne za kumbini

Likizo ya Juni ikikaribia, mahubiri ya huku Masasi, kusini mwa Tanzania, hubadilika. Mchungaji mmoja atasimama aseme Mkristo hana shughuli na jando wala unyago: mvulana apelekwe hospitali akatahiriwe, arudi nyumbani, yaishe. Mwingine, mara nyingi mzee wa kanisa aliyepita mwenyewe kumbini, kambi ya jando wanakofundwa wavulana, atasema polepole kwamba kanisa liwafuate watoto huko huko waliko. Huyu wa pili siku hizi haeleweki. Akifungua mdomo tu anaonekana anatetea matambiko. Mimi ni mwalimu wa Shule ya Jumapili, na naona ana hoja nzito kuliko anavyosikilizwa.

Wanaokataa hawasemi uongo. Wapo wasichana wa miaka tisa au kumi wanaowekwa ndani na kufundishwa mambo ya chumba cha mume kabla hata hedhi hawajaiona. Wapo wanaorudi darasani wakijihesabu watu wazima, mwalimu akiwakemea wanaona amewavunjia heshima, na shule inaanza kuwaponyoka. Wembe mmoja kwa wavulana wengi si jambo la kubishania tena. Na ipo fedha ya korosho ya msimu mzima inayoishia kwenye pilau, muziki na sare, kisha Januari madaftari yanakopwa dukani. Mzazi anayesema "wangu hapana" anamlinda mwanawe, na namheshimu kwa hilo.

Ila kuna hesabu moja hainitoki kichwani. Mimi namwona mtoto saa moja kwa wiki. Mwaka una Jumapili 52, kwa hiyo nina saa 52, tena hapo nimemhesabia mtoto asiyekosa hata siku moja, wakati darasa langu msimu wa korosho hubaki nusu. Mvulana akikaa kumbini wiki nne tu, na kila siku akawa macho saa 14, anapata saa 392 za kufundwa. Ugawe kwa saa zangu: ni zaidi ya miaka saba ya Shule ya Jumapili, kwa mwezi mmoja. Mtoto aliyeanza kwangu akiwa na miaka mitano, akaja kila Jumapili bila kukosa mpaka akafika kumi na miwili, atakuwa amekaa na mimi karibu muda ule ule atakaokaa na walezi wa kumbi kabla jeraha halijakauka vizuri.

Na saa zenyewe hazifanani. Zangu ni za benchi na kariri. Za kule zina maumivu, usiku, moto, nyimbo, chakula cha pamoja na mkubwa anayemkemea akinyoosha mkono kabla ya wenzake. Neno lililosemwa mtoto akiwa katika hali hiyo halimtoki. Muulize mzee wa miaka sabini nyimbo za kumbi lake, ataziimba zote. Kisha muulize somo la kipaimara.

Msimu uliopita nilikuwa na mvulana anayeshuka na Amri Kumi kama mtu anayehesabu vidole vyake. Siku moja nikawauliza darasa zima: ukipita shambani kwa jirani ukakuta korosho zimeanguka chini ya mti, na wa kangomba, mnunuzi wa korosho wa njia za panya, yuko pale njiani na kikombe chake ananunua, unafanyaje? Yule bingwa wa amri akajibu kwa haraka na kwa furaha kwamba unaokota, maana zimeanguka zenyewe. Wenzake wakakubali. "Usiibe" waliijua wote. Hakuna aliyewahi kusimama nao chini ya mkorosho akawaonyesha kwamba amri ile inahusu korosho hii, ya mama huyu. Toka siku ile sijaridhika tena na mtoto anayekariri vizuri.

Wazo la kuliingiza kanisa kumbini si geni hapa kwetu. UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, ilifika Masasi mwaka 1876, Askofu Steere akiongozana na watu waliokombolewa utumwani. Vincent Lucas, askofu wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, ndiye aliyelifanya jando kuwa jambo la kanisa waziwazi: palipokuwa na maombi kwa mizimu pakawekwa sala za Kikristo, padri akawa karibu na vijana, na mengi ya mila yasiyopingana na Injili yakaachwa yaendelee. Wapo waliomlaumu, wakisema amelivika jando kanzu tu, wengine wakiona mgeni ameshika kilichokuwa cha wazee. Lawama hizo zina uzito. Lakini aliona jambo ambalo sisi tuliozaliwa hapa tunajifanya hatulioni: mtoto atafundwa, apende askofu asipende.

Hapa ndipo mahubiri ya "wangu hapana" yanaponipa shaka. Kwa Wamakua, Wayao, Wamwera na Wamakonde ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana sauti katika kumtoa mtoto. Baba anaitikia "Amina" kanisani, Desemba mtoto anakwenda Newala kwa bibi kusalimia, anarudi amechezwa, yaani amekwisha kupitishwa jando au unyago. Mjomba mwenyewe huenda ni Mwislamu, maana familia zetu nyingi zimechanganyika, na kumbi lake lina dua za dini yake. Simlaumu, yeye angalau ameipeleka imani yake pale mtoto alipo. Mtoto wa Kikristo yuko mle mle, na wa kanisani kwake hayupo hata mmoja.

Nitajibiwa kwamba kumlea mtoto katika imani ni kazi ya mzazi nyumbani, na ni kweli: Musa aliwaagiza Waisraeli wawafundishe watoto wakiketi nyumbani na wakitembea njiani, wakilala na wakiamka. Ukiyatazama vizuri maneno hayo, ni njiani na wakati wa kulala, si benchini. Hospitali inakata vizuri, tena kwa usalama, na mimi ningetaka kila mvulana akatwe huko. Lakini haisemi neno. Kijana anatoka na bandeji, hajaambiwa na mtu yeyote kwamba sasa mwili wake una heshima mbele za Mungu, wala namna ya kumtendea msichana. Hayo atayapata kwa wenzake, au kwenye simu. Baada ya hospitali, wiki mbili za likizo na wazee wa kanisa wanaojua kunyamaza na kusema, ndizo ninazozililia.

Kwa wasichana mimi ni mkali zaidi. Jando linaweza kuguswa na padri. Unyago ni wa wanawake, na mengi husemwa mlango ukiwa umefungwa. Asiyemaliza darasa la saba asichezwe, hilo silijadili. Wala wimbo wa kumfundisha mtoto kumridhisha mwanamume hauwi wa Kikristo kwa kuongezewa "Aleluya". Hata hivyo kungwi wa mtaa wetu si adui: huketi benchi la tatu, ni mama wa jumuiya, na mabinti wanamsikiliza kuliko watakavyonisikiliza mimi maisha yao yote. Usafi, hedhi, adabu kwa wakubwa, kujua thamani yako: anayafundisha vizuri kuliko kitabu chochote nilichonacho.

Mwezi uliopita nilimfuata nyumbani, nikambebea sukari, tukaketi mkekani. Nilimwomba umri wa mabinti wanaochezwa uongezwe, na nyimbo tatu ziondoke. Umri amekubali. Nyimbo mbili amesema hata yeye humwonea haya mjukuu wake akiziimba. Ya tatu aliniambia, "Mwanangu, hiyo niachie kwanza, nikaongee na wenzangu," akasimama kwenda kutazama chungu chake jikoni.