Mto Ukipungua, Mvuvi wa Trauti Akunje Mshipi?

Kati ya Januari na Machi, kabla mvua za masika hazijashuka, mito inayoteremka upande wa magharibi wa Mlima Kenya hunywea. Burguret, Naro Moru, Nanyuki na Likii hubaki utepe wa maji unaopenya kati ya mawe. Hapo ndipo wavuvi wa samaki aitwaye trauti wanaotumia nzi bandia, yaani ndoana iliyofungwa manyoya na uzi ikafanana na mdudu, huanza kuvutana: tuendelee kuvua, au tuuache mto upumue?

Wanaotaka tuache wana hoja nzito. Maji yakipungua, samaki hujazana kwenye vilindi vichache vilivyobaki, na hata mvuvi asiye na ujuzi huwaona. Lakini kubwa zaidi ni joto. Usawa wa bahari, maji ya nyuzi 10 za Selsiasi huweza kubeba takriban miligramu 11 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 20, hubeba kama 9. Ukipanda mita 2,000, kiasi hicho hupungua tena kwa karibu moja ya tano. Trauti ni samaki wa maji baridi. Akipigana na mshipi kwa dakika kadhaa ndani ya maji vuguvugu huishiwa nguvu, na pumzi ya kuzirudisha haipo. Mvuvi humwachilia, humwona akiondoka, hufurahi. Saa chache baadaye samaki yule anaweza kufia chini ya jiwe, mahali ambapo hakuna wa kumwona. Naiona hoja hii kuwa ya kweli kabisa, na inaniuma kwa sababu inagusa kile tunachojivunia zaidi, kuachilia.

Upande wa pili nao unastahili kusikilizwa. Mvuvi hanywi mto. Maji huishia kwenye mifereji, mabomba, mashamba madogo ya familia na mashamba makubwa ya mboga na maua yanayozunguka Nanyuki na Timau. Vyama vya watumiaji maji, vilivyotambuliwa na Sheria ya Maji ya 2002, hujitahidi kupanga zamu wakati wa kiangazi, lakini pampu inayofanya kazi usiku haina anayeiona. Anayetembea kando ya mto na ufito wa kuvulia mkononi ndiye mara nyingi hukuta bomba lisilo halali. Mkimfukuza, mmeondoa jicho moja. Tena huko juu msituni, chini ya kivuli, maji hubaki baridi hata Februari. Kufunga mto mzima kwa kalenda ni kumzuia mvuvi wa huko bila sababu.

Kuna pia wanaouliza: tunamhangaikia mgeni kwa nini? Trauti si wa hapa. Mlowezi Mwingereza Ewart Grogan alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Uskoti mwaka 1905, yakapandwa katika mto Gura kwenye milima ya Aberdare, na trauti wa upinde wa mvua, wenye asili ya magharibi mwa Amerika Kaskazini, walifuata. Aina zote mbili zimo katika orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ya spishi vamizi 100 mbaya zaidi duniani. Nakubali nusu ya hoja hii: asije mtu akamnyima ndama maji ili trauti aishi. Nusu nyingine naikataa. Samaki huyu hakujileta, na mateso yake ni mateso. Isitoshe, mkondo unaomtosha yeye ni ule ule unaotiririka kwenda mto Ewaso Ng'iro, ambako wafugaji wa Samburu na Isiolo wanaungoja.

Mimi naamini kinachofaa kufunga mto ni kipimajoto. Jimboni Montana, Marekani, maji yakigonga takriban nyuzi 23 kwa siku tatu mfululizo, uvuvi unaweza kupigwa marufuku kuanzia saa nane mchana hadi saa sita usiku. Wavuvi huamka alfajiri na kumaliza mapema. Utaratibu ni mzuri, lakini kwetu, kwenye mwinuko huu, 23 ni kuchelewa. Mimi ningesimama kwenye 19. Na pale mkondo ulipokatika, vilindi vikabaki kama visiwa vya maji, asivue mtu yeyote, hata kukiwa na baridi ya asubuhi.

Kwenye 17 au 18 nasema jambo ambalo wenzangu wengi hawalipendi: usiachilie ovyo. Kama leseni inaruhusu, chukua wawili wa kula, kunja mshipi, nenda nyumbani. Kuwakamata kumi na kuwaachilia wote katika maji ya namna hiyo kunaweza kuua wengi kuliko wale wawili wa kikaangoni.

Kipimajoto kidogo kilichofungwa uzi kinatosha. Kitumbukizwe panapopita mkondo, si ukingoni penye jua, kisomwe kabla ufito haujaunganishwa, kisha kisomwe tena saa nne asubuhi.