Semina ya hotelini haimtengenezi kiongozi wa wodi
Kuna mwandishi anayesema kwamba wauguzi viongozi wakipelekwa semina ya uongozi, tabia ya kukaa chini na kujitathmini baada ya kazi itakuja yenyewe. Mimi ni mkunga na hapo sikubaliani naye hata kidogo. Mahali pa kujifunza hilo tunapo tayari: kikao cha kupitia vifo vya uzazi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2013 unataka vifo hivyo vijadiliwe bila kutaja jina la mtoa huduma wala kumtafuta wa kulaumiwa. Sasa njoo ukione kikao chenyewe. Faili linafunguliwa, patografu (chati ya kufuatilia uchungu wa mama anayejifungua) ina masaa manne hayajajazwa, na swali la kwanza ni "nani alikuwa zamu?" Hapo hata aliyekuwa na la kusema anameza mate. Nimefanya kazi chini ya matroni (muuguzi mkuu) mmoja aliyeuliza tofauti: usiku ule mlikuwa wangapi, wajawazito wangapi, damu iliombwa saa ngapi na ilifika saa ngapi? Tena alianza na mhudumu wa usafi, daktari akawa wa mwisho (wengine walinuna, baadaye wakazoea). Ndipo ikajulikana kuwa ufunguo wa friji ya damu usiku hukaa na mtu anayelala mbali na hospitali. Hilo lisingejulikana hotelini, hata mkimaliza na vyeti mikononi. Wenzangu mlio wodini, kwenu kikaoni nani huanza kuzungumza?