Mashine inahesabu vizuri, lakini ajali za Kitonga haijazielewa

Mtafiti wa uhandisi wa usafirishaji siku hizi anaanza na mafaili: mwendo wa mabasi unaorekodiwa na vifaa vya ufuatiliaji vya LATRA (mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini), uzito wa malori kutoka mizani ya Makambako au Mpemba, picha za kamera. Je, ujifunzaji wa mashine, yaani programu (modeli) inayojifunza yenyewe kutokana na data, unatuambia lolote jipya kuhusu barabara kuu ya Morogoro hadi Tunduma?

Kwenye kupima, ndiyo. Karani wa kuhesabu magari huchoka, na zamu ya saa 12 za mchana huacha nje malori ya usiku yanayokwenda Zambia na Kongo. Kamera haichoki, ila ifundishwe kwa picha za huku: modeli iliyofundishwa Ulaya haijawahi kuona guta, na bajaji itaipa jina lolote. Mizani nayo ina utajiri wake. Tangu majaribio ya barabara ya AASHO, chama cha maofisa wa barabara kuu wa Marekani, kule Illinois (1958–1960), wahandisi wanakadiria kwamba uharibifu wa lami hukua kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 12 badala ya 10 huumiza lami mara mbili hivi. Kwa hiyo wastani wa uzito hudanganya. Rekodi ya kila lori ina thamani.

Kwenye ajali mambo hubadilika. Wanaotetea modeli za miti ya maamuzi, zinazofikia jibu kwa mfululizo wa maswali ya ndiyo au hapana, wana hoja nzito: mvua, mteremko na mzigo hufanya kazi kwa pamoja, na mlinganyo wa kawaida hauoni mwingiliano huo mpaka uuandike mwenyewe. Sawa. Lakini chukua mteremko wa Kitonga, kabla ya kufika Iringa ukitoka Morogoro. Pale malori hushuka polepole kwa gia nzito, na yanayopinduka mara nyingi ni yale ambayo breki zimepata moto zikaacha kushika. Kama jedwali la data halina safu ya mteremko, modeli itaona mwendo mdogo na ajali vikiwa pamoja, itahitimisha kwamba kwenda polepole ni hatari. Mshauri dereva hivyo uone!

Saa ya ajali ni mtego mwingine. Ikiandikwa saa ya taarifa kufika kituoni badala ya saa ya tukio, foleni iliyosababishwa na ajali itaonekana imeitangulia. Modeli "itatabiri" ajali ambayo imeshatokea, na matokeo yatapendeza sana.

Asilimia za usahihi nazo zisikutishe. Tuseme kilomita 100 zimegawanywa kwa kilomita moja moja na kwa kila saa ya mwaka: ni visanduku 876,000. Zikitokea ajali 200, modeli inayosema "hakuna ajali" daima itapata zaidi ya asilimia 99.9. Uliza imekamata ngapi kati ya hizo 200, na imepiga kelele za bure mara ngapi. Na majaribio yafanywe kwenye vipande vya barabara na miezi ambayo modeli haijaiona. Ukichanganya mistari ya data kama karata, safari moja ya basi huingia pande zote mbili, wa kufundishia na wa kupimia.

Kuna wasioonekana pia: mwenda kwa miguu Mbalizi na bodaboda wa Uyole hawana kifaa. Hata basi lenyewe, likituma mahali lilipo kila sekunde 30, kwa kilomita 80 kwa saa linaruka karibu mita 670, matuta ya kijiji kizima yakiwa katikati.

Kwa maoni yetu, mashine ipewe kuhesabu na kusafisha data. Sababu za ajali zianze na modeli nyepesi ya takwimu, baada ya kuongeza safu tatu: mteremko kwa asilimia, gari lilikuwa likipanda au likishuka, na saa iliyoandikwa ilitoka kwa nani.