Mpira umeingia mara ya kwanza. Na mgonjwa je?

Mwenzangu wa kitengo cha dawa za usingizi alinitumia utafiti kwa WhatsApp, akaandika chini yake: "Umeona? Kamera imeshinda." Ulikuwa ule wa Marekani uitwao DEVICE, wa mwaka 2023, uliolinganisha laringoskopu (kifaa cha kuangalia kooni wakati wa kuingiza mpira wa kupumulia) ya kamera na ya kawaida kwa wagonjwa mahututi 1,417. Kwa kamera, mpira uliingia kwenye njia ya hewa jaribio la kwanza kwa asilimia 85.1 ya wagonjwa. Kwa ile ya kawaida, asilimia 70.8.

Haya, ushindi. Ila teremka kidogo kwenye jedwali. Madhara makubwa, yaani oksijeni ya damu kuporomoka chini ya asilimia 80, presha kuanguka au kuhitaji dawa ya kuipandisha, moyo kusimama, kifo: asilimia 21.4 kwa kamera, 20.9 bila kamera. Kamera ningeipokea kesho asubuhi, sibishani na hilo. Ninachouliza ni nani aliyeamua kwamba "mara ya kwanza" ndiyo alama ya ushindi. Si mgonjwa.

Sasa chukua utafiti mwingine mkubwa, INTUBE wa 2021, wagonjwa 2,964 katika nchi 29. Humo waliopata madhara makubwa ni asilimia 45.2. Mara mbili zaidi! Je, madaktari wa INTUBE walikuwa na mikono mibaya? Wagonjwa walitofautiana, ndiyo, lakini angalia pia rula. DEVICE waliacha kuhesabu dakika 2 baada ya mpira kuingia; INTUBE walifuatilia kwa nusu saa, na hata mgonjwa aliyeongezewa maji mengi kwa haraka kwa sababu ya presha waliingiza kwenye hesabu. Jina moja, vitu viwili. Anayezijumlisha tafiti hizi anajumlisha debe na kibaba.

Hata neno "jaribio" lina utata. Kuna wanaohesabu laringoskopu ikiingia kinywani, na kuna wanaongoja mpaka mpira wenyewe usukumwe. Ukichungulia, ukatoa, ukamweka mgonjwa vizuri, ukarudi, umejaribu mara ngapi? Na lile daraja la Cormack na Lehane tunaloandika kwenye fomu, la kupima koo linaonekana kiasi gani, ni la 1984, enzi za kuangalia kwa jicho. Kwenye kioo cha kamera unaweza kuona kila kitu vizuri kabisa na mpira ukagoma kupita.

Tangu 2010 kuna mpango wa COMET, ulioanzia Uingereza, unaohimiza watafiti wa kila fani wakubaliane orodha fupi ya matokeo ambayo kila utafiti lazima uyapime, na wagonjwa wakae mezani wakati wa kuyachagua. Kwetu sisi wa njia ya hewa ningetaka orodha hiyo ianze na oksijeni ya chini kabisa iliyofikiwa, kwa kiwango kimoja na kwa muda mmoja. Kisha meno, sauti, koo. Mama aliyeamka na sauti iliyokauka wiki nzima hajali kama ulifanikiwa mara ya kwanza.

Kwenye daftari letu la chumba cha upasuaji nimechora safu tatu kwa kalamu: majaribio, oksijeni ya chini, na hali ya koo kesho yake. Mbili za kwanza zinajazwa. Ya tatu ni nyeupe karibu ukurasa mzima, maana inadai mtu apande wodini akaulize.