Nilivyomburuta Mama wa Watu Hadi Sikio la Shetani

Kwanza, ile video imekatwa. Mlichoona kwenye magrupu ni mwisho tu, pale mama mwenye kofia ya ukili anapiga kelele na mimi naibuka katikati ya vifuniko vya deli. Jamaa yangu wa Likoni, ambaye safari nzima anakula kwa pesa yangu, ameiandikia "Mtanga avua flamingo Marekani" akairusha hata kwa watu nisiowajua. Shemeji kanipigia kutoka Muheza akicheka mpaka simu ikakatika. Basi na mimi niseme yangu kabla hawajaongeza mamba.

Mnajua nilivyowachosha na habari za saidimaunti, ule mtindo wa kupiga mbizi. Mitungi ya hewa ubavuni, mgongo mtupu, upite penye dari fupi bila kugonga kitu. Nusu yenu mlinishauri nirudi Nungwi nikaoneshe wageni kasa. Sikusikia. Nikajiandikisha kozi ya mapango Florida kaskazini, pale Ginnie Springs, ambako chemchemi zinamwaga maji kwenye mto Santa Fe. Matundu yenyewe yanaitwa Jicho la Shetani na Sikio la Shetani. Mama aliuliza kwenye simu, "Mbona Amboni kuna mapango mazuri tu, mwanangu, na hayana majina ya hivyo?" Nikasingizia mtandao mbaya.

Usiku ule meza ya nyumba tuliyopanga iligeuka gereji. Nikakata mipira, nikafupisha mikanda, nikachoma ncha kwa kiberiti zisifumuke. Maana pangoni kinachoning'inia kina kesi mbili: ama kitakwaruza chini kitibue tope mpaka usione mkono wako mwenyewe, ama kitanasa kwenye kamba ya kurudia nje, na kamba ile ndiyo roho yako. Regulata ya kulia, yaani kile kifaa cha kupumulia mdomoni, ina mpira wa mita mbili, ili mwenzio akiishiwa hewa mtoke mmoja nyuma ya mwingine hata penye upenyo. Ya kushoto ni fupi, inakaa shingoni. Vipimo vya hewa vimelala juu ya mitungi, tochi mbili za akiba kwenye helmeti, gurudumu la kamba nyuma ya makalio. Nikavaa kila kitu sebuleni, nikamwambia jamaa wa Likoni, "Nizunguke, nitafutie kinachoning'inia." Akazunguka na simu yake ile ile. "Kaka, umenyooka." Nikalala na furaha ya bwana harusi.

Sasa, mtungi wa saidimaunti unashikwa sehemu mbili. Shingo yake inabanwa kwapani na mpira. Mkiani kuna klipu ya chuma unayoinasa kwenye pete kiunoni, nyuma kabisa, mahali ambapo macho hayafiki. Unapapasa. Na mitungi ya aluminiamu ina tabia yake: ikijaa inatulia, hewa ikipungua mkia unaanza kuelea, ndipo unahamisha klipu kwenye pete ya mbele. Mwalimu, mzee wa Kimarekani mwenye maneno machache, alinirudishia somo hilo asubuhi tukiwa majini hadi kifuani. Nikaitikia kwa kichwa, kwa sababu akili yangu ilikuwa kwenye maji: nyuzi 22, mwaka mzima. Kwa mtu wa Tanga hiyo ni friji.

Wikiendi, pale pamejaa watu wanaoelea kwenye maboya ya kupulizwa. Familia nzima, boya limefungwa kwa boya, la mwisho limebeba deli la vinywaji. Msafara mmoja, wenye boya la umbo la flamingo, ulikuwa umesimama nyuma yangu, wanashangaa yule mtu mweusi mwenye mitungi anafanya nini. Niliwapungia. (Hapa ndipo muda ulipopotea. Nilikuwa napunga.) Kisha nikapeleka mkono nyuma, nikapapasa, vidole vikagusa pete, klipu ikalia *ta!* Nikamwonesha mwalimu alama ya shwari.

Pete niliyoigusa haikuwa yangu.

Tukaogelea kuteremka kuelekea mtoni, mwepesi kweli. Nilijiona nimenyooka. Baadaye nimejua kwamba juu yangu mama wa watu alikuwa akiwaambia wajukuu zake mto una nguvu leo.

Sikio la Shetani liko pale chemchemi inapokutana na mto. Chini maji ni meupe, juu yake ya mto yamelala kwa rangi kama chai ya mkandaa, kwa hiyo ukizama na kutazama juu huoni jua wala mtu, ni dari ya kahawia tu. Pangoni maji yanatoka kwa nguvu. Huingii kwa mapezi, unajivuta kwa mikono, jiwe baada ya jiwe. Mwalimu akatangulia. Nikashika jiwe la kwanza, nikajivuta. Nikarudi. Nikashika la pili. Nikarudi. Nikajiambia hii ndiyo nguvu ya maji waliyonihadithia. Nikapiga mapezi kama mtu anayedaiwa.

Ndipo nikahisi mtungi wa kushoto unainua mkia.

Mtu mwenye akili angejiuliza: mtungi umejaa, unaeleaje? Mimi nilifurahi. Somo lile! Nimeligundua mwenyewe! Nikapeleka mkono nyuma kwa utulivu wa fundi, nikaipata klipu, nikaanza kuivuta mbele. Ikaja kidogo. Ikagoma. Nikavuta tena. Ikaja na kitu laini, cha kusokotwa, kirefu. Nikageuza shingo taratibu, kwa sababu na helmeti hugeuki haraka. Kamba ya manjano. Inatoka ubavuni mwangu, inapanda, inapanda, inapotelea kwenye ile dari ya kahawia. Nami, jamani, badala ya kufikiri, nikaivuta kwa nguvu zangu zote.

Dari ikatoboka. Kopo la soda likashuka, polepole, likizunguka, nikaweza kusoma viungo vyake. Likafuata jingine. Yalipofika mdomoni mwa Sikio maji yakayarudisha juu, yakawa yanacheza mbele ya uso wangu. Ikashuka miwani ya jua. Ukashuka uma. Mwisho akashuka mtoto, miaka kumi hivi, na maski yake ya kuogelea, akifuata kamba kwa mikono mpaka tukatazamana jicho kwa jicho. Akaitazama kamba. Akanitazama mimi. Akatabasamu, mapovu yakamtoka, akaninyooshea dole gumba.

Kwa mtoto ile ni "safi sana!" Kwa mpiga mbizi wa pangoni dole gumba ni "safari imekwisha, tunapanda," na sheria ni kwamba halijadiliwi: yeyote akilitoa, wote mnalijibu na mnatoka. Mkono wangu ukajibu wenyewe. Mtoto akafurahi, akalitoa tena. Nikajibu tena. Mwalimu alipogeuka kuona nimechelewa wapi, alinikuta nimefungwa kwenye kamba ya manjano, kati ya makopo yanayocheza, napeana madole gumba na mtoto asiye na mtungi.

Sijawahi kumwona mtu akifumba macho ndani ya maski.

Mengine yalikwenda haraka. Mtoto akapanda kuvuta pumzi. Klipu imekazwa na mvuto, haifunguki, lakini kwenye mtungi inafungwa kwa uzi makusudi ili siku ya shida ikatwe, mwalimu akakata. Tukaibuka. Yule mama kofia imelowa, flamingo amelala ubavu, deli linatoa barafu. Nilimwomba radhi kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili kwa kuwa Kiingereza kiliisha. Akanipa soda. Likoni yuko ngazini, anarekodi.

Mchana mwalimu alinisimamisha nchi kavu, macho nimefunga, nikanasa na kunasua klipu mpaka watu wa maboya walipozoea na kuacha kutazama. Kesho yake nikaingia Sikio vizuri tu, nikapita kibao cha Ziraili mwenye joho wanachokiweka kuwafukuza wasio na mafunzo, nikageuka nilipomaliza theluthi ya hewa, nikatoka. Hiyo video haipo. Likoni anasema simu ilikuwa haina chaji.

Klipu yenyewe imeondoka na flamingo. Chuma cha pua, karibu mpya. Santa Fe unaingia Suwannee, na Suwannee unaingia Ghuba ya Meksiko, kwa hiyo mwenye ndugu wa huko amwambie aangalie. Na shemeji, ukisoma hapa: yule mama hakuwa amelewa, hakuna aliyezimia, na mimi sikulia. Maski ilikuwa inavuja.