Furu, vyura na hoja ya "watakuja wengine"

Kila mradi mkubwa unapogongana na kiumbe adimu, hapa Dodoma hoja moja haikosi kutolewa, iwe ofisini au kwenye meza ya chakula: viumbe vimekuwa vikitoweka tangu zamani, dinosaria nao walikwisha na mahali pao wakaja wengine, kwa hiyo hakuna haja ya kuhangaika na chura au samaki mdogo. Hoja hii haifai kubezwa, kwa kuwa nusu yake ya kwanza ni kweli. Wanasayansi wanakadiria kuwa zaidi ya asilimia 99 ya spishi zote zilizopata kuishi duniani zimekwisha kutoweka, na nyingi zilitoweka kabla binadamu hajatokea.

Ushahidi hauko mbali nasi. Katika uwanda wa juu wa Singida kuna mahali paitwapo Mahenge (si ile ya Ulanga), ambapo miaka milioni 46 hivi iliyopita palikuwa na ziwa dogo ndani ya kasoko, yaani shimo la volkano. Matope yake, ambayo sasa ni mwamba, yamehifadhi visukuku vya vyura, vya popo na vya samaki wa familia ya sato na furu (samaki wadogo wa maziwa yetu), ambavyo ni miongoni mwa visukuku vya kale zaidi vya familia hiyo vinavyojulikana. Samaki hao waliitwa Mahengechromis, na katika ziwa hilo moja zimetambuliwa spishi tano. Zote tano zimekwisha, ilhali familia yao inaendelea hadi leo kwenye masoko yetu.

Hata hivyo, ushahidi wenye nguvu zaidi kwa upande huo unatoka Ziwa Victoria, ambako lori la samaki wa Dodoma huanzia safari kabla ya kukatiza Singida. Ziwa hilo lilikuwa limekauka, likajaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita, na tangu hapo wametokea humo furu wa spishi zipatazo 500. Kwa kipimo cha mageuko, huo ni muda mfupi mno. Jinsi spishi mpya zinavyotokea inaonekana vizuri kwenye visiwa vya Mwanza, wanakoishi furu wawili wanaokaribiana sana: Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake ni la buluu na hukaa karibu na uso wa maji, na Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, ambaye dume lake ni jekundu na hukaa chini zaidi. Majike huchagua madume kwa rangi. Mradi maji ni maangavu na jike anaiona rangi sawasawa, makundi hayo mawili hubaki mbalimbali, ingawa yakikutanishwa huzaa watoto wenye uwezo wa kuzaa.

Hapo ndipo hoja ya "watakuja wengine" inapoanza kulegea. Uchunguzi wa jeni umeonyesha kuwa furu wa Victoria hawakutokana na samaki mmoja aliyebadilika haraka, bali na kuchanganyika kwa koo mbili za kale, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Nile. Kasi yao ilitokana na akiba ya tofauti za kijeni iliyojengeka kwa muda mrefu kuliko umri wa ziwa lenyewe. Mtu anayeihesabu miaka 15,000 tu na kusema asili hufanya kazi haraka anaisahau akiba hiyo, ambayo kila spishi inayotoweka huondoka na sehemu yake.

Sangara walipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, wakaongezeka mno katika miaka ya 1980, na kwa makadirio ya wataalamu spishi zipatazo 200 za furu zilipotea. Haki itendeke: sangara wamejenga viwanda, ajira na fedha za kigeni, na anayewalaani bila kutaja hayo anasema nusu ya habari. Tena, baadhi ya furu walirejea kwa wingi kuanzia miaka ya 1990, sangara walipopungua kwa kuvuliwa, na miongoni mwao wapo waliorejea na matamvua makubwa zaidi, yanayofaa kwa maji yenye oksijeni kidogo. Mageuko yanaweza kufuatwa ndani ya umri wa mtu mmoja. Lakini waliorejea ni wale walionusurika. Spishi iliyokwisha haikurudi.

Chura wa Kihansi, kule Udzungwa, anaonyesha sura nyingine. Vyura wa jenasi yake wametawanyika milimani, kila spishi ikiwa imejitenga katika eneo lake dogo, na kujitenga huko ndiko kulikozaa wingi wao. Huko huko ndiko kunakowaponza. Chura huyu aliishi kwenye hekta chache tu zilizoloweshwa na rasharasha za maporomoko. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, na ugonjwa wa kuvu (fangasi) ukazuka, akatoweka porini, ikatangazwa hivyo mwaka 2009. Wapo leo kwa sababu wengine walikuwa wamepelekwa kuzalishwa Marekani. Umeme wa megawati 180 si kitu kidogo, nami sioni kosa katika kuujenga. Kosa ni kudhani kuwa mlima ule ungetoa chura mwingine baadaye. Baada ya maangamizi makubwa ya miaka milioni 252 iliyopita, uhai ulichukua mamilioni ya miaka kurudia wingi wake, na hakuna mpango wa maendeleo unaopangwa kwa kipimo hicho.

Kwa Ziwa Victoria, nadhani mjadala umewaelemea sangara kupita kiasi. Sangara huvuliwa, na wingi wao hupungua. Maji yaliyochafuka kwa mbolea, maji taka na udongo unaotiririka kutoka mashambani ni hatari isiyoonekana kirahisi, kwa kuwa katika maji hayo jike haoni rangi, furu wa buluu na wa jekundu wanachanganyika, na kwenye baadhi ya visiwa vya Mwanza spishi mbili zimebaki kundi moja la machotara bila samaki yeyote kufa. Takwimu za uvuvi, zinazopima tani, haziwezi kuonyesha hasara ya namna hiyo.