Orodha Ikishafungwa, Imefungwa

Juzi nimenyimwa valvu. Wala si valvu ya maana: ni ya mkono tu, iko kwenye bomba la maji ya kupoozea, inatoa tone moja moja shingoni. Hesabu yangu ilikuwa kwamba mtambo ukisimama kwa ile shatidauni kubwa mwezi ujao, yaani kuzimwa wote kwa matengenezo, naibadilisha kwa saa mbili na hakuna atakayejua. Nikampelekea mpangaji wetu wa kazi, binti mdogo mwenye sauti ya taratibu. Akatazama namba ya valvu, akatazama tarehe, akaniambia orodha ya kazi za shatidauni ilifungwa zamani. Kama naitaka, nijaze fomu, nieleze kwa nini haiwezi kungoja shatidauni ijayo, na watu wanne watie sahihi. Nikamwambia, dada yangu, ni saa mbili tu. Akanijibu kwamba wiki hiyo kila aliyekuja kwake alikuwa na ya saa mbili tu.

Nikatoka nimenuna. Huku ughaibuni kuna siku unatamani kumkuta bosi wa nyumbani, umwambie "mzee, naomba hili liingie," naye aseme "ingiza," yameisha.

Halafu nikakumbuka yanavyoisha.

Nyie mlioko viwandani nyumbani mnaijua orodha yetu. Inaandikwa, inapigwa picha, inatumwa kwenye kundi la simu, na siku ya kwanza kila mtu anaiheshimu. Siku ya tatu meneja anapita na wageni, anasimama mbele ya pampu ambayo haina kosa lolote, anauliza: "Na hii je? Kwa kuwa tumeshasimama..." Hayo maneno matatu, kwa kuwa tumeshasimama, yameharibu shatidauni nyingi kuliko kutu. Mchomeleaji anatolewa kwenye boila. Kreni inahamishwa. Pampu inafunguliwa, na ndipo inagundulika stoo haina beringi yake wala sili. Sasa una pampu iliyokuwa nzima, imelala mezani vipande vipande, na boila ambayo ndiyo ilitusimamisha inasubiri mtu.

Najua mshaanza. "Huyu naye, amekaa kwa watu kidogo tu keshakuwa mzungu." Tulieni. Sijasema mafundi wa huku ni bora. Nawaambia bila kuficha: si bora. Fundi aliyenifundisha alikuwa anaweka bisibisi kwenye nyumba ya beringi, sikio kwenye mpini, anakuambia ni beringi ya upande gani inakufa. Ukija kupima, ni kweli. Nimemwona akinyoosha mstari wa pampu na mota kwa rula ya chuma na vipande vyembamba vya kupimia nafasi, kwa sababu kile kipimo chenye uso kama wa saa kilikuwa kimeazimwa na hakikurudi. Huku wenzangu wakikosa kifaa chenye leza wanampigia simu aliyeuza pampu, wanakwenda kunywa kahawa.

Lakini ujuzi huo tunautumia wapi? Mmeshaona fundi akikata gasketi, ile karatasi ya kuzibia kiungo cha bomba, usiku wa manane. Anatandika karatasi juu ya flanji, ule mdomo wa bomba unaofungwa kwa bolti, anagongagonga kingo kwa kichwa cha mviringo cha nyundo, taratibu, mpaka duara linachongeka lenyewe, halafu anatoboa matundu ya bolti moja baada ya lingine. Ni kazi nzuri kuitazama. Na ni kazi ambayo haikutakiwa kuwepo, kwa sababu hiyo flanji ilijulikana, kipenyo chake kilijulikana, na gasketi yake ingekuwa stoo tangu zamani kama kazi yenyewe ingekuwa kwenye orodha. Asubuhi tunampigia makofi. Yule aliyepanga vizuri kazi zake zikaisha kimya kimya, hata jina lake hatulijui.

Kila kitu kingine kinaning'inia kwenye orodha. Ikifungwa, unajua vipuri vya kuagiza, na vingine, kama rota ya kompresa au fungu la mirija ya kibadilisha joto, huweza kuchukua mwaka mzima kutengenezwa. Unajua jukwaa la kupandia lisimame wapi, kreni ije lini, sahani ngapi za kuziba mabomba na kila moja inakaa flanji gani, ili siku ya kuwasha zihesabiwe zikitoka. Kufunga orodha hakukatazi mshangao. Ukifungua tangi ukakuta ukuta umelika, huo ni mshangao halali, na huku umetengewa muda, bamba na wachomeleaji kabla haujajulikana. Kinachokatazwa ni mshangao wa kusahau na mshangao wa bosi.

Mpinzani wa pili ananiuliza fedha tutatoa wapi. Fedha gani, ndugu yangu? Kukataa kazi ni bure. Kinachokula fedha ni kuiingiza siku ya tatu: kipuri kinapanda ndege, watu wanalala kiwandani kwa malipo ya ziada, na uzalishaji umesimama.

Wa tatu ana hoja nzito zaidi. Anasema huku ni rahisi kupanga kwa sababu bolti ukiiagiza leo kesho iko mlangoni, lakini nyumbani kuna manunuzi, kuna fedha za kigeni, kuna bandari. Hayo usinisimulie, nimeyaishi. Ila fuata hoja yako mpaka mwisho. Kama kipuri kinachukua muda mrefu hivyo, nani anahitaji kufunga orodha mapema, wewe au hawa? Hawa wangeweza kuwa wazembe na bado wakapona. Sisi hatuna anasa hiyo. Mwenye bolti mlangoni ndiye mwenye nidhamu, na mwenye bolti bandarini anaongeza kazi siku ya tatu. Hapo ndipo hasira yangu inapopanda, na sitaomba radhi.

Wapo watakaosema hawa nao mbona wameungua. Wameungua kweli, na vibaya. Usiku wa tarehe 6 Julai 1988, kwenye jukwaa la kuchimba mafuta la Piper Alpha, Bahari ya Kaskazini, walikufa watu 167. Pampu moja ilikuwa imetengwa kwa matengenezo, na valvu yake ya usalama imetolewa kwa kazi nyingine yenye kibali chake, yaani karatasi yake ya ruhusa. Pale ilipotoka paliwekwa sahani ambayo haikuweza kuzuia gesi. Pampu ya pili ilipozima, zamu ya usiku ilikuta kibali cha pampu. Cha valvu hawakukiona. Wakaiwasha ile ya kwanza. Uchunguzi wa Jaji Cullen ulitoa mapendekezo 106, na makaratasi mengi yanayoniudhi huku yalianzia kwenye misiba ya namna hiyo. Kwa hiyo si suala la damu wala la rangi. Kule kazi iliandikwa, kibali kikatolewa, na bado haikufika masikioni mwa zamu iliyofuata. Sasa ile pampu ya "kwa kuwa tumeshasimama," iliyoingizwa kwa mdomo saa tisa alasiri, kibali chake kiko wapi? Nani anaitaja kwenye makabidhiano ya jioni? Sahani yake imeandikwa kwenye hesabu gani?

Hata hivyo wa huku nao wana upuuzi wao, msidhani nimerogwa. Nimewahi kuona watu wazima wakisubiri karatasi ichapishwe ili wapande ngazi ya hatua tatu. Na ile valvu yangu itaendelea kudondosha maji mpaka shatidauni ijayo, kwa sababu fomu nimeitazama na sikuona sababu ya kuandika iliyokuwa ya kweli.

"Basi rudi uje utufundishe." Sina la kumfundisha fundi wa nyumbani. Nikirudi nitashika daftari moja tu. Bosi akija siku ya tatu na pampu yake, nitaiandika humo mbele yake, na jina lake pembeni, na daftari hilo ndilo litakalofungua kikao cha kwanza cha shatidauni inayofuata. Atakayechukia wa kwanza ni meneja wangu wa zamani, ambaye najua haya atayasoma. Shikamoo, mzee. Ile pampu ingeweza kusubiri.